Angalia Mshono, Achana na Soli: Viatu vya Kuvulia Mwambani kwa Mpangilio Wangu

Malalamiko ya wanaovua kwa miguu yanafanana, kuanzia Watamu hadi Mafia. Kiatu kimenunuliwa kwa pesa ya maana, soli nene, meno makali, muuzaji kaapa kwamba hakiharibiki. Bamvua la kwanza, zile siku za maji makubwa, likapita salama. La pili, mguu ukazama kwenye tope la nyasi za bahari, mwenyewe akavuta, ukaja mguu na nusu ya kiatu. Soli ikabaki chini. Kurudi pwani ni kuchechemea juu ya jiwe lenye makali ya msumeno, urumba wenye miiba mirefu kila upande.

Ukiiokota soli hiyo utaona meno yake yote yapo. Haikuwa na kosa. Kilichokufa ni gundi.

Kwa hiyo hapa sitazungumzia ukubwa, uzito wala rangi. Hayo muuzaji yeyote anayajua. Hata utelezi nitaupita haraka: mpira laini hushika jiwe safi, na hakuna mpira unaoshika ukoga wa kijani. Nimepanga viatu kwa jambo moja tu ambalo karibu hakuna anayeliuliza dukani: soli imeungwaje na sehemu ya juu?

Gundi inavyokufa pwani kwetu

Viatu vingi vya siku hizi, vya bei chee na vya bei ya kutisha, vimebandikwa tu. Kiwandani gundi hupashwa moto, mara nyingi nyuzi 60 hivi au zaidi kidogo, ndipo ishike. Kilicholainishwa na moto kiwandani kitalainishwa na moto nyumbani. Sasa tazama saa za bahari yetu. Siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, Unguja maji hukupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi, na tofauti ya kupwa na kujaa hukaribia mita 4. Anayefuata kolekole ukingoni mwa mwamba au pweza kwenye mashimo anarudi saa sita, saa saba. Viatu vimelowa, anavirusha juu ya bati vikauke. Bati la saa saba mchana huwezi kuliwekea kiganja. Gundi inalainika, kiatu kinapokauka kinajikunja, soli inavutwa kando, na mwanya wa kwanza unafunguka chini ya vidole, pale kiatu kinapokunjika kila hatua. Mwanya wenyewe ni mdogo kuliko unene wa ukucha.

Chumvi inamalizia. Maji yaliyoingia kwenye mwanya yanakauka na kuacha chembe. Chembe zinakua na kusukuma pande zote mbili kama kabari. Bamvua lijalo zinayeyuka, maji mengi zaidi yanaingia, na safari hii mchanga umo. Mchanga ukishaingia hautoki. Unasaga.

Kuna kifo kingine ambacho si cha gundi, ila lawama huangukia gundi: soli ya kati ya povu la poliyurethani. Povu hili huvunjwavunjwa na unyevu polepole hata kama kiatu hakijavaliwa, na joto huharakisha. Ndiyo sababu buti la mtumba kutoka Ulaya, linaloonekana jipya kabisa, linameguka kama biskuti siku ya kwanza baharini. Kiatu cha namna hiyo kilichokaa stoo ya joto miaka mitano na zaidi usikiguse, hata uambiwe hakijawahi kutoka kwenye boksi. Kukaa kwenye boksi ndiyo ugonjwa wenyewe.

Dakika tatu dukani

Toa soli ya ndani kwa vidole. Mshono wa kweli unaopita hadi ndani utauona umezunguka sakafu ya kiatu. Hesabu mishono ya nje kwenye sentimita tano, kisha ya ndani, idadi ilingane. Usipoona kitu ndani, tazama ukingo wa nje. Kuna ushonaji mwingine, ambao ngozi ya juu hukunjwa kuelekea nje na kushonewa pembeni kwenye soli, na huo ni halali. Wa tatu ni mshono wa uongo: uzi umelazwa kwenye mfereji wa mpira, au mishono imechorwa tu wakati mpira unamiminwa kwenye kalibu. Ukwarue kwa ukucha. Uzi wa pambo unacheza au unatoka.

Kisha kikunje kiatu mpaka kisigino kiinuke nusu ya kusimama wima, na upitishe pembe ya kadi ya simu kwenye kiungio chini ya vidole. Ikiingia hata milimita moja, rudisha. Mwisho angalia chuma. Beba sumaku ndogo: tundu la kamba linalong'aa kama shaba lakini linanasa sumaku ni chuma kilichopakwa rangi, litaoza na kukata kamba. Sumaku haisemi yote, kwa sababu alumini hainasi na bado huliwa na chumvi, hasa ikiguswa na chuma kingine ndani ya maji ya bahari.

1. Buti za Patagonia zilizoshonwa na Danner

Napendelea, na sifichi. Danner ni washona mabuti wa Oregon, Marekani, walioanza kazi 1932, na buti walizowatengenezea Patagonia, kampuni ya nguo na vifaa vya safari, zimeshonwa kwa ule mtindo wa kukunja nje na kushona pembeni. Soli ikiisha inatolewa na nyingine inashonwa. Sisi hatutarudisha kiatu Oregon, lakini fundi yeyote wa Mombasa au Tanga mwenye msharasi, ile sindano nene ya kutobolea ngozi, anaweza kufuata njia ile ile ya matundu, na hilo ndilo ninalolilipia. Chagua River Salt, iliyotengenezwa kwa maji ya chumvi. Usichukue Foot Tractor yenye vipande vya alumini chini: vile ni vya mito yenye mawe ya mviringo na ukoga. Kwenye mwamba wetu mkavu vinapiga kelele, vinachimba, na chumvi inavila.

Ubaya wake ni bei. Zilitoka zikipita dola 300 kabla ya usafirishaji, ushuru na VAT, na ukijumlisha vyote unaweza kufikiria unanunua injini ya boti. Kwa anayevua mara mbili kwa mwezi ni anasa. Kwa anayeongoza wageni kila bamvua, agawanye kwa siku.

2. Viatu vya wapiga mbizi, milimita 5 au zaidi

Hivi ndivyo ningemwelekeza mtu mwenye akili na mfuko wa kawaida. Scubapro Delta, ile ya milimita 6.5, kwanza, Cressi Isla na Mares Classic zinafuata kwa karibu. Havina mshono wa soli, ila soli ya mpira imepanda ubavuni na kufunika vidole na kisigino, kwa hiyo kiungio kiko juu, mbali na mahali pa kukunjika, na kimezunguka eneo kubwa. Gundi ikiachia sentimita moja, bado kuna nyingine zilizoshika. Na kwa kuwa kiatu kinabana kifundo, mchanga unaingia kidogo sana.

Kasoro zake ni mbili. Soli inakunjika mno, nyayo zitauma ukikaa juu ya mwamba zaidi ya saa mbili. Kata soli ya ndani kutoka kwenye tandiko gumu la povu, milimita 3, uiweke chini ya mguu. Ya pili ni zipu. Chagua meno ya plastiki, suuza kwa maji baridi, yasiyo ya chumvi, kila siku, kisha sugua mshumaa juu yake kabla ya kuhifadhi. Zipu iliyokwama usiivute kwa koleo: loweka kwenye maji ya uvuguvugu robo saa, chumvi itaachia yenyewe.

Miiba mirefu ya urumba itapenya ubavuni. Ijue kabla hujanunua.

3. Simms Flats Sneaker

Raba nzuri ya kutembea kwenye maji mafupi, imara kifundoni kuliko vya wapiga mbizi, nyepesi kuliko buti. Lakini ni kiatu cha gundi. Ukikinunua, kitoe kwenye boksi na ukipeleke moja kwa moja kwa fundi akishone pembeni kabla hakijaonja bahari. Ukisubiri kiachame kwanza, chumvi na mchanga vitakuwa vimeshakaa na hata uzi hautasaidia sana.

4. Buti za msituni za soli ya kumiminwa

Zile za kitambaa cha nailoni ubavuni, zenye vitundu vya kutolea maji karibu na unyayo. Mpira wa soli ulipikwa ukiwa umeshikana na buti, kwa hiyo hakuna gundi ya kulainika, na hilo peke yake lingeipandisha juu ya Simms. Imeshuka kwa sababu mbili: ngozi ya mbele na kisigino hukauka na kupasuka usipoipaka mafuta, na tulizonazo sokoni nyingi ni za mtumba zisizojulikana umri. Chukua nyeusi. Zenye rangi ya jeshi zitakuletea maswali njiani ambayo samaki hawezi kuyajibu.

Buti za Korkers, zenye soli za kubadilisha, sijazipa nafasi. Wazo zuri mtoni. Baharini kila kibanio ni nyumba ya mchanga. Waya wa kukaza kwa kitufe, vivyo hivyo. Kamba ya nailoni ya kufunga fundo haijawahi kukwama. Soli za manyoya ya kubanwa nazo hunywa chumvi na mchanga, na mwamba unazila upesi.

Vya bei chee

Sandak na viatu vingine vya plastiki vya kipande kimoja: havina kiungio, haviachami, vinakata kifundo. Vaa na soksi ndefu. Yeboyebo: hapana. Katambuga: kwa mchanga tu. Gambuti: usiingie nazo kwenye mawimbi. Maji ndani ya maji hayana uzito, lakini unapotaka kupanda jiwe wimbi likija nyuma yako, kila mguu unanyanyua lita kadhaa.

Kuhusu wauzaji

Nimeshindwa kuandika bei kamili za hapa kwetu, na sababu ni "bei njoo inbox". Kiatu kimepigwa picha pande nne, isipokuwa ile ya chini na ya ndani. Ukiomba picha ya kiungio unaambiwa "ni original kabisa, boss". Original ya nani? Bidhaa ile ile ukiandika kwa Kiswahili ina bei moja, ukiandika kwa Kiingereza cha mgeni ina nyingine. Mshono wa uongo unauzwa kama wa kweli, na kiatu kikiachama wiki ya tatu unaambiwa ulikipeleka kwenye maji. Tuliambiwa ni cha maji! Anayeuza kiatu cha kuvulia aandike vitu vitatu: kimeungwaje, tundu la kamba ni la madini gani, kilitengenezwa mwaka gani. Asiyejua aseme hajui, apunguze bei.

Maelekezo ya kumpa fundi

Uzi uwe wa nailoni au poliesta, uliopakwa nta, unene wa milimita 0.8 hadi 1. Wa pamba utaoza. Kabla ya kushona, achimbe mfereji wa kina cha milimita 2 kuzunguka soli ili uzi uzame. Ukibaki juu, mwamba utaukata siku moja. Nafasi kati ya tundu na tundu milimita 6 hadi 8: zikiwa karibu zaidi mpira unachanika kama karatasi ya stempu. Mshono uwe wa kufungana kila tundu, nyuzi mbili zikipishana, ili uzi ukikatika mahali pamoja usifumuke wote. Kama kuna mwanya tayari, aoshe kwa maji baridi, kiatu kikauke kivulini siku mbili, apige msasa pande zote mbili, apake gundi mara mbili, asubiri isinate kwenye kidole, kama dakika 10 hadi 15, abane, na kiatu kilale siku nzima ndipo kishonwe. Fundi akitaka kubandika na kushona saa ile ile, chukua kiatu chako.

Baada ya kila safari, toa kamba na soli ya ndani, loweka kwenye ndoo ya maji baridi dakika 20, sugua kiungio kwa mswaki wa zamani, mwaga, rudia mara moja. Kausha kivulini penye upepo, kiatu kikiwa kimelala ubavu. Bati waachie dagaa.

Na hakuna kiatu kati ya hivi kinachozuia mwiba wa taa, yule samaki bapa mwenye mkia wa sumu. Kwenye mchanga buruza miguu bila kuinyanyua, taa atahisi na kuondoka. Ukichomwa, maji ya moto kadiri ngozi inavyovumilia bila kuungua, kama nyuzi 45, mguu ukae humo nusu saa hadi saa moja na nusu, huku usafiri wa hospitali ukitafutwa. Ayapime mtu mwingine kwa mkono wake, kwa sababu mguu wenye maumivu yale haujui tena kipi ni moto.