Ekstensheni za bedsita: angalia waya kwanza, soketi baadaye

Jirani yangu hapa Free Area amechoma ekstensheni mbili mwaka huu na zote zilikuwa mpya, zina taa nyekundu, zina mahali pa kuchaji simu, zinapendeza macho. Na si yeye peke yake, kila mtu anayehamia Nakuru anaingia nyumba yenye soketi moja, tena iko nyuma ya mlango, so ekstensheni inanunuliwa hata kabla ya godoro.

Mambo ya rangi na idadi ya matundu mtajichagulia. Mimi nataka unene wa waya, kwa sababu hapo ndipo watu wanaumizwa na hakuna mtu huuliza.

Shika waya utafute maandishi madogo yaliyochapwa kwa ganda lake. Utaona 3x0.75 ama 3x1.5. Hiyo 3 ni nyaya tatu ndani, maana yake eathi, ule waya wa usalama, iko, ukiona 2 rudisha hapo hapo. Hiyo namba ya pili ni unene, kwa milimita za mraba. Waya wa 0.75 unabeba kama ampea 6 hivi, na birika la stima la wati 2000 kwa volti 240 linavuta ampea 8 na kitu. Sasa mtu atakuambia si fyuzi iko, italipuka. Hailipuki! Fyuzi ya plagi ni ya 13, ampea 8 zikipita haina shida nazo, na swichi ya kule kwa boksi ya landilodi ni kubwa hata zaidi. Hakuna kitu kinazima, waya unapika polepole chini ya zulia mpaka usikie harufu, na hapo ukuta ushaingia weusi na keteka anataka ulipie rangi.

Namba moja kwangu ni ile unaunda mwenyewe. Nunua waya laini wa 3x1.5 wa East African Cables, kampuni ya hapa kwetu, na hapo sijifichi, waya wao ndio naamini. Ongeza plagi nzuri ya 13 na soketi pacha na boksi yake. Ukifungua plagi ile pini kubwa ikiwa juu, kahawia inaenda kulia penye fyuzi, buluu kushoto, kijani na njano juu. Kaza skrubu sana na uhakikishe kile kibano cha chini kimeshika ganda la nje, si zile nyaya ndogo. Kama mikono inatetemeka mwite fundi, ni kazi ya dakika chache.

Namba mbili, ekstensheni za Tronic ama Masterplug zilizo tayari, lakini bado usome ganda, jina kwa boksi halitoshi. Ile ya kuzungushwa kwa gurudumu ifungue waya wote kabla ya pasi ama birika, ikiwa imejikunja inashika joto haraka.

Zile za barabarani za bei ya chipsi na soda ni za simu na redio. Basi.

Na wauzaji wa hapa mjini wamenichosha. Unaitisha 1.5 unapewa 0.75, ukiuliza unaambiwa "ni the same madam". Mwingine anapima mita kwa mkono wake, ukifika nyumbani waya haufiki dirishani. Kuna waliojaa waya wa chuma uliopakwa shaba juu, ganda lasema kopa, yaani shaba, bei ya kopa, na mwenye kulipa ni mpangaji ambaye hata soketi ya pili landilodi amekataa kuweka, na kodi yenyewe tangu Nakuru iwe jiji 2021 haijui kushuka. Inaniuma kweli.

Kwa hivyo beba sumaku, hata ile ya spika iliyokufa. Mwambie akate kipande kidogo achune, sumaku ikishika si shaba. Kwaruza nyuzi na kisu pia, ndani zikiwa nyeupe ni aluminiamu. Ile alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, ikiwa na namba, itume kwa SMS kwa 20023 uone kama ni halali ukiwa bado dukani, kisha itisha risiti iliyoandikwa unene wa waya. Akikataa kuandika, vuka barabara, maduka ya stima ni mengi.