TRX-4 iliyotumika: nunua ekseli, umeme utabadilisha

Kama unataka kujenga gari la rimoti la kupanda mawe, tuseme mfano wa Land Cruiser mkonga pick-up zinazopita kila siku kati ya Mafinga na Mbeya, TRX-4 ya kampuni ya Traxxas iliyotumika ni msingi mzuri kuliko toi jipya la bei hiyohiyo. Ila ujue unacholipia. Ekseli, giaboksi na chesisi ndiyo mali. Servo (mota ndogo zinazogeuza usukani na kufunga difu), mota na betri, wewe hesabu vimechoka hata kama muuzaji anaapa.

Gari hili lilitoka mwaka 2017, kipimo cha moja kwa kumi. Sifa yake kubwa iko kwenye vitovu: kila ncha ya ekseli ina jozi ya gia inayoteremsha kitovu cha tairi chini ya usawa wa ekseli, hivyo difu, gia za katikati ya ekseli zinazogawa nguvu kwa tairi mbili, inapita juu ya jiwe ambalo ekseli ya kawaida ingeligonga. Isitoshe, kwa kuwa nguvu inaongezwa pale mwisho kwenye tairi, propela hazibebi mzigo mkubwa na bodi hailali upande mmoja ukitia moto ghafla. Difu unazifunga kwa rimoti, ya mbele peke yake au zote mbili, na kuna gia nzito na nyepesi. Kwenye miamba ya Iringa, tairi moja likining'inia hewani difu iliyo wazi hulizungusha bure na gari husimama. Ukifunga, linapanda.

Kabla ya kutoa hela, dai rimoti yake yenyewe. Resiva ya Traxxas, yaani kipokezi cha mawimbi ndani ya gari, haikubali rimoti ya kampuni nyingine, na hii inahitaji yenye chaneli nne: usukani, mwendo, difu na gia. Bila hiyo, punguza bei bila huruma.

Kisha inua gari, difu zikiwa wazi, na uzungushe tairi moja la mbele kwa mkono. La upande wa pili lizunguke kinyume. Funga difu, rudia: sasa yanakwenda pamoja au yanagoma. Yakiendelea kupishana, au difu ikikataa kufunguka, tatizo mara nyingi ni waya unaovuta kufuli kuingiwa na kutu au tope, au servo ndogo imekufa. Waya husafishika. Fanya hivyohivyo nyuma. Halafu tikisa kila tairi kwa vidole: likicheza, beringi za kitovu zimekwisha. Kwa gari lililokimbia kwenye udongo mwekundu, fungua vitovu vyote vinne, osha, paka grisi mpya. Grisi iliyogeuka rangi ya tofali ina mchanga ndani, na mchanga huo unasaga meno ya gia kila gari linapotembea.

Pesa ya kwanza iende kwenye servo ya usukani. Ile ya kiwandani ni dhaifu kwa gari zito namna hii, na tairi likibanwa kati ya mawe mawili inashindwa kugeuza. Tafuta yenye gia za chuma, nguvu ya kilo-sentimita 20 hadi 25, na mkono wa meno 25. Wengi wanafika hapa na kukwama, maana servo kubwa ikizidiwa hunyonya ampia ambazo kidhibiti mwendo hakiwezi kutoa. Volti ya resiva inashuka, gari linazimika nusu sekunde, kisha linawaka tena. Watu hulaumu rimoti. Dawa yake ni BEC ya nje, kifaa kinachoshusha volti ya betri kulisha resiva na servo: waya zake za kuingiza zifungwe moja kwa moja kwenye betri, umeme unaotoka uwekwe volti 6 au 7.4 kulingana na servo, na waya mwekundu wa kidhibiti mwendo uchomolewe kwenye plagi ya resiva ili vyanzo viwili vya umeme visigombane.

Mota ya kiwandani ni Titan 550 ya mizunguko 21 ya waya ndani yake. Kwa mwendo wa polepole, mota ya 540 ya mizunguko 35 inatulia zaidi na inachemka kidogo. Ya Titan imetengenezwa kuzunguka kinyume kwa sababu ya zile gia za vitovu, hivyo ukifunga mota ya kawaida na gari likarudi nyuma unapotaka mbele, badilishana waya mbili za mota, basi. Pinieni, gia ndogo ya kwenye mota, ya meno 11 iache; kama mota bado haishikiki kwa joto, punguza jino moja au mawili. Nafasi kati ya pinieni na gia kubwa ipime kwa kupitisha kipande cha karatasi: kitoke kimekunjwa bila kuchanika.

Betri ya lipo (lithiamu polima) ya seli 2 au 3 inafaa. Angalia taa ya kidhibiti mwendo: kijani maana yake kinga ya volti ndogo imewashwa, nyekundu imezimwa, na lipo ikitumika kwenye nyekundu utaiua. Mwezi Juni na Julai kule Makete na Kitulo, baridi hushusha volti ya lipo ikipewa mzigo, na kinga hukata wakati betri bado ina chaji. Iweke mfuko wa ndani wa koti hadi muda wa kuendesha.

Skrubu za chuma kwa chuma zipake gundi ya nyuzi. Zinazoingia kwenye plastiki zisipakwe kabisa, hupasua.

Bodi ndiyo raha yenyewe. Land Cruiser 79 ya kabini moja ina milimita 3,180 kati ya ekseli na ekseli, yaani 318 kwa kipimo hiki. TRX-4 yenye bodi ya Land Rover Defender ina 324, tofauti ya milimita 6 ambayo jicho halioni. Upana ndio mgogoro: gari halisi likipunguzwa kwa kipimo hiki lingekuwa karibu milimita 180, chesisi hii na tairi zake inafika karibu 250, kwa hiyo tanua madigadi, au ukubali matairi yatokeze nje. Bati la bodi tengeneza kwa bomba la PVC: lipasue kwa urefu, lipashe moto mdogo nje ya nyumba hadi lilegee, libane kati ya mbao mbili bapa hadi lipoe. Lisiungue, moshi wake ni sumu. Unene wa milimita 2 unatosha kabini. Chini ya kitanda cha nyuma weka mbao nyembamba. Ngazi, tairi la akiba na madumu ya juu ya paa yawe matupu na mepesi, kwani gari hili tayari ni zito juu na hupinduka kwenye mteremko wa pembeni. Uzito wa kuongeza, wa shaba nyeupe au risasi, mahali pake ni ndani ya rimu za mbele.