Taa za kihisi mwendo katika gereji ya nyumbani, Moshi

Gereji yetu hapa Soweto, Moshi, ina nafasi ya magari mawili, kuta za tofali za saruji na paa la mabati lisilo na dari. Kwa miaka mingi iliangazwa na taa mbili za tyubu za wati 36, ambazo, pamoja na umeme unaoliwa na choki zake, zilikuwa zikimaliza karibu uniti moja ya Luku zilipokesha hadi alfajiri. Tuliziacha ziwake makusudi, kwa sababu mimi hurudi kutoka kazini saa nne usiku na swichi iko karibu na mlango wa jikoni, mbali na geti.

Mwezi wa Oktoba nilikusudia kununua swichi ya kihisi peke yake ili taa za zamani zibaki, lakini fundi alipofungua boksi la swichi aliniambia, "Mama, swichi hiyo inataka nyutro, ule waya wa kurudisha umeme, na hapa ukutani zimeshuka nyaya mbili tu, wa moto na unaokwenda kwenye taa." Nyumba nyingi zimefungwa umeme kwa mtindo huo, hivyo ni vyema boksi likafunguliwa kabla ya kwenda dukani. Ndipo nikanunua taa tatu za LED za wati 18 zenye kihisi ndani yake, ambazo wauzaji huziita taa za sensa, kwa shilingi 28,000 kila moja. Hata zikiwaka zote kwa jumla ya saa nzima kwa usiku mmoja, hazifikishi sehemu ya kumi ya uniti.

Wiki ya kwanza sikuridhika. Taa ya mbele ilifungwa ikielekea geti, nami nilikuwa nikifika katikati ya gereji ndipo iwake. Kihisi cha aina hii hupokea joto la mwili, na huamka pale joto hilo linapohama kutoka kipande kimoja cha eneo lake kwenda kingine. Kwa hiyo anayekatiza mbele yake huonekana mapema, ilhali anayekijia moja kwa moja huchelewa kuonekana. Tuliihamishia ukuta wa pembeni, na tangu siku hiyo huwaka nikiweka mguu wa kwanza ndani. Januari, kuta zilipokuwa bado na joto la mchana hadi usiku, tofauti kati ya mwili na mazingira ilipungua na taa zikawa nzito kuamka, ikanibidi niongeze usikivu kwa bisibisi.

Vitufe vya kuzungusha ni vitatu: muda, usikivu na kiwango cha giza. Muda ulikuja umewekwa sekunde chache mno, nikaufanya dakika tatu. Ni jambo la kusikitisha kwamba karatasi ya maelekezo haikuwa na neno hata moja la Kiswahili, kwani mnunuzi asiyevijua vitufe hivyo ataihukumu taa nzuri kuwa mbovu.

Kwa kazi ya kutengeneza gari, sizipendekezi kabisa. Kijana wangu alipolala chini ya gari kubadilisha oili, bodi ilimkinga na kihisi, na taa zikazima mikononi mwake akiwa ameshika spana. Juu ya meza ya vifaa tumebakiza taa ya kawaida yenye swichi yake.

Umeme ukikatika na kurudi, zote huwaka kwa takriban dakika moja wakati vihisi vinajiandaa. Huo si ubovu. Swichi ya jikoni nayo lazima ibaki imewashwa usiku na mchana, kwa kuwa ikizimwa kihisi hukosa umeme, na tumeibandika utepe ili mgeni asiiguse.