iNaturalist kwa koa wa bahari: jina la kwanza lisikulevye

Mzamiaji wa Nairobi akirudi kutoka Watamu, Diani au Kisite na simu iliyojaa picha, programu ya kwanza anayoelekezwa ni iNaturalist, ya kutambua viumbe kwa picha. Ni ya bure, haina matangazo, inaingia kwenye Android na iPhone. Kwa mimea na ndege wa Karura hatuna neno nayo. Kwa koa wa bahari (konokono asiye na gamba, tusimchanganye na jongoo bahari) inafaa pia, lakini si kwa kile ambacho wengi huipakulia.

Wengi hutaka ile mashine inayopendekeza majina, nayo ndiyo sehemu dhaifu. Mashine hufundishwa spishi zenye picha za kutosha peke yake. Koa wa Afrika Mashariki aliyepigwa picha mara chache hayumo kwenye orodha yake, hivyo itakutajia anayefanana naye kutoka bahari nyingine, tena bila kusita. Ile alama kwamba spishi "inatarajiwa karibu na hapo" husaidia, ila hutegemea rekodi zilizokwisha kuwekwa, na zenyewe huenda zilikosewa.

Chukua Goniobranchus geminus, koa wa Bahari ya Hindi mwenye mgongo wa manjano na madoa meusi-zambarau. Pacha wake wa Pasifiki magharibi ni G. kuniei. Ukitazama madoa tu utapotea. Hesabu mistari ya ukingo wa mgongo: geminus ana weupe nje kabisa, kisha zambarau ya kijivu, kisha weupe tena kabla ya manjano, kuniei ana zambarau na buluu, bila ule weupe wa nje. Picha iliyokata ukingo haina faida hapa, hata iwe kali namna gani.

Tatizo la pili ni majina yenyewe kuhama. Mwaka 2012 kundi la Chromodoris lilipanguliwa: spishi nyingi za Indo-Pasifiki zikaenda Goniobranchus, na za Atlantiki zikapelekwa Felimida. Pteraeolidia ianthina, aliyekuwa akitajwa kila mahali, tangu 2015 amebakishwa Australia mashariki, na wa bahari za joto ni P. semperi. Mwaka 2023 ikawa zamu ya yule mkubwa mwekundu anayeogelea kwa kujipepea: Hexabranchus sanguineus akabaki wa Bahari ya Shamu, na jina la H. lacer likarudishwa kwa wale walioenea Indo-Pasifiki. Kitabu cha zamani cha mwongozo kitakupa jina ambalo halitumiki tena. Hapa programu inastahili sifa, maana ukiandika jina la kale mara nyingi hukuletea jipya. Hata hivyo, hakikisha kwenye WoRMS, rejista ya majina ya viumbe wa bahari, nayo ni bure.

Si majina yote yamehama. Sir Charles Eliot, kamishna wa Waingereza hapa hadi 1904, alikuwa bingwa wa koa hawa kuliko wengi waliolipwa kwa kazi hiyo. Halgerda wasinensis, aliyepewa jina la kisiwa cha Wasini, na Chromodoris africana ni wake, wote wa 1904, na wote wangali na majina yao.

Thamani halisi ya iNaturalist ni watu: wataalamu wa koa wanaopitia picha wakiwa nchi mbalimbali. Wape kitu cha kufanyia kazi. Koa mmoja, chapisho moja, picha tatu au nne: juu, ubavuni, pembe mbili za kichwani, na matamvua ya kupumulia mgongoni. Washa tochi au mmweko, kwa sababu maji hula rangi nyekundu kwanza, na koa wa chungwa hutoka wa kahawia. Andika urefu kwa milimita, kina, na alichokuwa juu yake, hasa sifongo, kwa kuwa wengi hula aina chache tu. Kama ni bapa kama karatasi, hana matamvua na pembe zake ni mikunjo tu ya ngozi, huenda ni mnyoo bapa, wala si koa.

Usipakie picha iliyopitia WhatsApp, kwani hufika bila tarehe wala mahali, na ukiharakisha utamweka koa Westlands, katikati ya Nairobi. Kamera za majini nazo hazipati setilaiti zikiwa chini. Weka pini mwenyewe mahali pa mbizi, duara la mita 500, na ukague saa ya kamera.

Sasa kasoro inayotukera zaidi. Rekodi hupanda daraja la utafiti (yaani huhesabiwa kuwa imethibitishwa) pale zaidi ya theluthi mbili ya wanaoitambua wanapokubaliana, nao wanaweza kuwa wawili tu. Wewe na mwenzako wa mbizi mkikubali pendekezo la mashine, rekodi inatoka kwenye foleni ya "inahitaji utambuzi", na hiyo ndiyo foleni ambayo wataalamu huifungua. Kosa limefungiwa ndani. Atakayekuja kupinga peke yake ataishusha, lakini ili ipande tena watahitajika watatu kati ya wanne, kwa kuwa wawili kati ya watatu hawazidi theluthi mbili. Kwa hiyo usibofye "nakubali" kwa adabu. Kama una uhakika wa jenasi tu, simama kwenye jenasi.

Kwa burudani na kumbukumbu za mbizi, tunaipa nne kati ya tano. Kwa tasnifu ya chuo kikuu pale Chiromo, mbili, kwani spishi kadhaa hutenganishwa kwa meno ya ulimi, viungo vya uzazi au DNA, na hayo hayaonekani pichani. Yanahitaji sampuli na kibali, na ndani ya hifadhi za taifa za bahari hukusanyi chochote bila ruhusa. Anzia Makumbusho ya Taifa, Museum Hill, kabla ya kukata tiketi ya treni ya SGR kwenda pwani.