Tomahawk au Tomahawk MAX: bodi niliyorudi nayo kutoka Kariakoo

Nahariri video za harusi hapa Morogoro. Kompyuta yangu ya zamani ilifika mahali send-off moja ya saa mbili inakesha nayo mpaka alfajiri, nikaona basi. Nilikuwa nimeshanunua prosesa, Ryzen 5 3600, ikabaki mazabodi, yaani bodi kuu inayobeba vifaa vyote vya kompyuta. Nikapanda basi mpaka Kariakoo, nikarudi na MSI B450 Tomahawk MAX ya mtumba. Huu ni mwezi wa saba naitumia. Pale dukani ilikuwepo pia B450 Tomahawk ya kawaida, isiyo na neno MAX, kwa bei pungufu ya shilingi 35,000, na nataka nieleze kwa nini niliiacha.

Ukizilaza mezani pamoja, utazichanganya. Soketi ya prosesa ni ileile AM4, matundu manne ya RAM, nafasi moja ya M.2 ya kuweka SSD (diski ya kasi), matundu sita ya SATA ya kuchomeka hadidisiki. Hata namba ya modeli ni moja: MS-7C02. Tofauti kubwa iko kwenye kichipu kidogo kinachotunza BIOS, programu inayoiamsha kompyuta na kuitambua prosesa. Tomahawk ya 2018 ina MB 16. MAX, iliyotoka 2019, ina MB 32. AMD waliendelea kuleta prosesa mpya kwenye soketi hiyohiyo, na kila kizazi kinataka nafasi yake humo ndani. Kwenye ile ya MB 16, MSI walilazimika kupunguza: menyu ya BIOS ikafanywa nyepesi na prosesa za zamani za A-series zikaondolewa. MAX imebaki na menyu yake kamili, na kubwa zaidi kwangu, inaitambua Ryzen 3000, kizazi cha 3600 yangu, tangu kiwandani.

Hilo nililiona kwa macho. Muuzaji alinikabidhi boksi lililoandikwa MAX, nikamwambia, "Kaka, naomba tuiwashe kwanza." Akasema, "Dada, hii nzima kabisa, wewe chukua." Nikasimama palepale. Fundi wake akaweka 3600 yangu na kadi ya picha, akawasha. Feni zikazunguka, skrini giza, taa ndogo ya CPU, yaani prosesa, pembeni ya bodi ikawaka na kubaki hivyo. Akaitoa, akaweka Ryzen 5 2600 ya pale dukani, ya kizazi cha nyuma, akabonyeza Delete kuingia kwenye BIOS. Skrini ikaandika B450 TOMAHAWK (MS-7C02). MAX haipo. Boksi la bodi moja, ndani bodi nyingine. Muuzaji aliomba radhi, akaenda stoo, akaleta nyingine. Kwenye hiyo, 3600 yangu ikawaka mara moja na jina likatokea kamili. Siwezi kusema alikusudia, vifaa vya mtumba huchanganyika. Lakini kama ningeondoka bila kuwasha, ningeanza kuamini prosesa yangu ndiyo mbovu.

Kwa haki, ile ya kawaida ingeweza kusasishwa BIOS ikaitambua 3600. Zote mbili zina kitufe cha Flash BIOS nyuma: unaweka faili la BIOS kwenye flashi iliyofomatiwa FAT32, unaliita MSI.ROM, unachomeka nyaya za umeme, hata prosesa haihitajiki, unabonyeza na kusubiri. Angalia tu usichukue faili la mwenzake, kila bodi ina lake. Lakini umeme ukikatika katikati ya kusasisha, bodi inaweza kufa, na mtaani kwetu hukatika bila hodi na sina UPS (betri ya akiba), kwa hiyo hiyo 35,000 niliitoa bila kinyongo. Mwenye 2600 asiyefikiria kupandisha prosesa, achukue ya kawaida. Kasi haitapungua hata kidogo.

Mawili ya kujua kwa zote. Ukiweka SSD kwenye M.2, SATA5 na SATA6 zinazimika. Mimi natunza harusi za wateja kwenye hadidisiki nyingi, nikajikuta nimebaki na nne. Na HDMI ya nyuma haitoi picha ukiwa na 3600, kwa sababu prosesa hiyo haina picha ndani yake. Lazima uwe na kadi.

Yangu ilikuja bila kile kibati cha nyuma kinachozunguka matundu ya USB. Sikukiulizia, nikakumbuka nikiwa nimeshafika Msamvu, stendi ya hapa Morogoro. Sasa nafungua kesi kila Jumapili kupuliza vumbi, na wiki iliyopita nilitoa mende wawili. Ukienda kununua, kidai kabla hujatoa hela.