Kozi ya kuendesha mashine ya karatasi: 1,500,000 inalipa?

Tangu niweke picha ya cheti kwenye WhatsApp, simu haipumziki. Wote wanauliza jambo moja: ile kozi ya mashine za karatasi ya wiki mbili Kampala inafaa shilingi 1,500,000, au ni duka la vyeti? Kwangu mimi ililipa. Lakini haitamlipa kila mtu, na sababu zenyewe si zile walizoandika kwenye tangazo.

Mimi ni oparata wa upande wa maji, yaani mwanzo wa mashine ambako karatasi bado ni mbichi, katika kiwanda cha tishu, barabara ya Jinja. Kazi niliipata kama wengi wetu tunavyoipata: unasimama nyuma ya mtu, unatazama anabonyeza nini, siku akihama unabaki wewe. Vitufe nilivijua vyote. Kilichokuwa kinatokea ndani ya mashine nikibonyeza, hicho ndicho nilichoenda kununua.

Siku ya hesabu za maji peke yake ilirudisha pesa yangu. Mwalimu, mhandisi kutoka India, alichukua chaki, akaanza na tani moja ya nyuzi za kutengenezea karatasi. Rojo, yaani nyuzi zilizochanganywa na maji, likitoka kwenye hedboksi, sanduku linalolimwaga mashineni, lina nyuzi kama nusu asilimia tu, kwa hiyo tani hiyo moja inasafiri na tani 199 za maji. Ikifika mwisho wa wavu unaochuja maji, ukavu umefika kama asilimia 20, yamebaki maji tani 4. Presi, rola zinazoibana karatasi, inakamua hadi asilimia 40, inabaki tani moja na nusu. Hiyo tani na nusu ndiyo inayokula mvuke, na mvuke ndio unaokula maganda ya kahawa na kuni kule kwenye boila. Kisha akatuambia tuongeze ukavu kwa asilimia moja tu pale presi, kutoka 40 kwenda 41. Tukapiga hesabu: maji yanashuka kutoka kilo 1,500 hadi kama 1,439. Karibu asilimia 4 ya kazi ya kukausha imeondoka, na hujagusa boila. Darasa zima lilinyamaza. Sisi kiwandani karatasi ikitoka mbichi tunakimbilia kufungua valvu ya mvuke! Kumbe felti, kile kitambaa kizito kinachonyonya maji pale presi, imeziba, inahitaji kuoshwa, na wewe unaongeza moto.

Walimu walikuwa wawili, ila aliyenifaa zaidi hakuwa kwenye orodha yao. Alikuwa mwanafunzi mwenzetu, mzee aliyefanya kazi Webuye, Kenya, kabla kiwanda kile cha karatasi hakijafungwa mwaka 2009. Tulipokwenda kiwandani kwa mazoezi, kwenye mashine ya karatasi ya maboksi, alinivuta kando ya wavu akanionyesha pale mng'ao wa maji unapokoma juu ya rojo. "Mwanangu, huu mstari ndio saa yako. Ukisogea mbele kuelekea presi, maji yanachelewa kutoka. Ukirudi nyuma, yanatoka haraka mno. Usingoje kompyuta ikuambie." Mhandisi alisikia, akacheka, akasema ndivyo ilivyo. Tangu hapo wakati wa chai tulimzunguka mzee, na Kiswahili chake kilitufungulia mengi ambayo slaidi za Kiingereza ziliyafunga. Wenye kozi wangekuwa na akili wangemlipa yeye.

Usalama nao waliufundisha kwa uzito. Kila mtu na kufuli lake kwenye swichi kuu kabla ya kuingiza mkono mashineni, na ufunguo unakaa mfukoni mwako, si kwa supavaiza. Mkia wa karatasi, ule ukanda unaotangulizwa kupita mashineni, hausukumwi kwa vidole kwenye mdomo wa rola. Lililonitisha zaidi ni habari ya matangi. Rojo likilala siku kadhaa linaoza na kutoa gesi inayonuka mayai viza, na gesi hiyo ikizidi inaua pua kwanza, hunusi kitu tena, unadhani imeisha. Anayeruka ndani kumwokoa mwenzake huanguka juu yake. Nimefanya kazi na watu wanaoshuka tangini kwa ngazi na ndala, na hakuna aliyewahi kutuambia hivi.

Sasa dosari zao. Kozi ya mashine, Uganda, wiki mbili nzima, na hakuna somo la umeme kukatika! Nilipouliza, nikaambiwa tuna jenereta. Sawa, lakini kabla jenereta haijashika, mimi nina silinda ya Yankee, lile pipa kubwa la chuma cha kutupwa linalokausha tishu, imejaa mvuke. Ikisimama hivyo maji yanatuama chini, joto halilingani, na mtu akiimwagia maji baridi kwa haraka inaweza kupasuka. Nani anafunga mvuke, nani anainua presi, nini kinatangulia? Tulipewa nusu ukurasa, tena kwa sababu nilisumbua.

Na tishu yenyewe waliipitia mbiombio. Ubao wa kukwangua karatasi kwenye Yankee, pembe yake, lini ubadilishwe, hayo ndiyo yanayoamua kama tishu itakuwa laini au itakwaruza, na yalipata asubuhi moja. Ukiwa mtu wa maboksi utafaidi kuliko mimi. Chakula ni posho, yaani ugali, na maharage kila siku, kinashibisha, tusiseme zaidi.

Kama hujawahi kuingia kiwandani, hifadhi pesa yako. Hawatakupa kazi, na cheti ni chao wenyewe, mwajiri anayetaka cha serikali hakitamtosha. Kama uko kwenye mashine tayari, mbane bosi alipe walau nusu. Wangu alikubali nilipomwandikia ile hesabu ya 40 na 41.

Kabla ya kulipa, uliza kiwanda cha mazoezi kitakuwa kinazalisha wiki hiyo au la. Kundi lililotutangulia lilikuta mashine imesimamishwa kubadilishwa felti, wakaonyeshwa video.