Seestar S50 kwa madoa ya Jua: inaifaa klabu ya sayansi ya Moshi?

Mzunguko wa 25 wa Jua, yaani kupanda na kushuka kwa idadi ya madoa yake meusi kwa takriban miaka 11, ulianza Desemba 2019, ukafika kileleni 2024, na sasa unashuka. Kwa shule ya Moshi inayotaka kuufuatilia mwaka hadi mwaka, darubini hii ya kampuni ya ZWO tunaipendekeza, mradi tabia zake zijulikane.

Lenzi ni milimita 50, uzito kilo 2.5, na kichujio cha Jua kimo ndani ya boksi. Picha inakuja kwenye simu, kwa hiyo darasa zima linaona bila mtu kuhatarisha macho. Kichujio kinabandikwa kabla ya kuielekeza juani, kamwe si baada. Jua zima linaenea kwenye picha, na doa lenye ukubwa wa Dunia linaonekana kama nukta ndogo.

Taabu yake kubwa ni kulipata Jua lenyewe. Usiku hujielekeza kwa kuzitambua nyota; mchana hazionekani, hivyo hutegemea dira na usawa wa miguu yake. Ukiisimamisha juu ya zege lenye nondo au kando ya gari, chuma kinaipotosha dira. Iweke kwenye nyasi, isawazishe, rekebisha dira. Ikilikosa bado, isogeze kidogo kidogo kwa simu.

Halafu kuna la huku kwetu. Karibu na tarehe 12 Machi na 1 Oktoba, Jua la adhuhuri hupita utosini, na hapo darubini hushindwa kulifuata kwa sababu ingebidi izunguke upande kwa kasi mno. Saa tatu asubuhi panafaa zaidi, hewa ikiwa bado tulivu. Julai, vumilieni mawingu.

Kuhesabu ni rahisi: idadi ya makundi ya madoa mara 10, jumlisha madoa yote. Makundi 4 yenye madoa 23 ni 63. Kundi huvuka uso wa Jua kwa takriban wiki mbili, na kadiri mzunguko unavyozeeka, makundi hujitokeza karibu zaidi na ikweta ya Jua.

Milipuko usiitarajie, mingi haionekani kwa kichujio hiki, inahitaji darubini ya mwanga wa hidrojeni. Lakini kundi kama lile lenye namba 3664, lililoleta dhoruba ya sumaku duniani Mei 2024, kali kuliko zote tangu 2003, lingeonekana wazi: upana wake ulikuwa kama Dunia 15. Kundi la namna hiyo likifika katikati ya uso wa Jua, linatuelekea, na dhoruba likiileta huvuruga ishara za setilaiti; wapima ardhi wa Moshi na Arusha wana sababu ya kurudia vipimo vyao vya GPS.